Kitanda cha Mninga

Newala
5 Septemba 1994

Mwanangu Flora,

Salamu nitazimalizia chini. Kwanza niambie kama kitanda kimefika na matendegu yake yote manne, maana dereva Nathanaeli alikitupa juu ya magunia ya muhogo kama anapakia kuni. Nilipomwambia akifunge vizuri alinijibu kwamba tangu biashara iwe huria, kila mwenye mzigo amekuwa meneja. Nikamwambia huria si ruhusa ya kuvunja vitu vya watu. Akacheka, akaongeza kamba moja.

Sasa ni chako. Baba mkwe wako, marehemu Bartholomayo, alikichonga kwa mikono yake mwaka alionioa, mninga mtupu hadi chaga. Watoto wangu wote nimewazalia hapo, na Stefano mumeo ndiye kitinda mimba. Katika ukoo wetu mimba ikishatulia mama mkwe humpa mkaza mwana kitanda, na mkaza mwana akijifungua salama humletea bibi mtoto, amshike. Mama mkwe wangu hakuwa na kitanda, alinipa mkeka, lakini mtoto nilimpelekea vilevile. Kwa hiyo kitanda kimeshuka Masasi, na mimi huku juu nimekaa kumsubiri mtoto apande.

Kabla ya kukipakia nilikiosha kwa maji ya moto na sabuni, na wewe unayajua maji ya Newala yanavyopatikana, kwa hiyo usije ukasema nimekuletea uchafu. Kilichochakaa ni vanishi tu. Kisugue kwa msasa, pole pole, ukifuata mkondo wa mbao, kisha upake vanishi mpya. Fanya kazi hiyo umekaa, usiiname sana na hilo tumbo.

Salamu ndiyo hizi. Mimi mzima, magoti ndiyo yananisema. Jirani yangu Stamili anakusalimu na anauliza kama umeshaanza kula udongo.

Mama yako,
Dominika

—

Masasi
19 Septemba 1994

Mama, shikamoo.

Kitanda kimefika kizima. Tendegu moja lilichubuka kidogo, lakini msasa umelimaliza. Udongo sili, mwambie Mama Stamili ninachotamani ni ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, asubuhi na jioni.

Kazi nimeimaliza jana. Nilikitandaza uani vipande vipande, nikaketi kwenye kigoda, nikasugua wiki nzima. Vanishi ya zamani ilikuwa nyeusi, nikafikiri mbao ni nyeusi, kumbe chini yake kuna wekundu ambao sijawahi kuuona kwenye kitanda cha mtu. Mama, nilifurahi peke yangu. Nilidhani nitatoka malengelenge, lakini viganja ni vizima kabisa, ni bega tu linaniuma. Unga mwekundu ulinijaa mpaka kwenye kope na Stefano alicheka aliporudi.

Kuna mahali kwenye ubao wa kichwani, upande wa kushoto, pamelika na kuwa laini bila msasa. Mkono wangu unaenea hapo sawasawa. Nadhani ndipo ulipokuwa ukishika.

Jambo moja naomba usikasirike. Sitaki kupaka vanishi. Nataka rangi ya mafuta, bluu ya mbingu. Siku hizi maduka ya hapa mjini yamejaa vitu, na jirani yangu Priska ana kitanda cha chuma kutoka Dar kinachong'aa mpaka unajiona. Watu wakiingia kumwona mtoto sitaki waseme binti wa mwalimu wa Chidya kalala kwenye kitu cha kale. Stefano ameshakubali. Yeye sasa ni wakala wa wanunuzi binafsi wa korosho, anashinda Nanganga na vijijini akijipanga kwa msimu, lakini ameahidi atanipakia. Anasema ameona unga chini ya chaga, kwa hiyo kuna mdudu, na lazima atie dawa ya mchwa kwanza. Amesema atainunua dukani.

Wako mtiifu,
Flora

—

Newala
27 Septemba 1994

Mwanangu Flora,

Mdudu? Mninga wa Bartholomayo umeanza lini kuliwa na mdudu? Huo unga ni wa msasa wako mwenyewe. Mwambie Stefano akamate ufagio kwanza kabla hajakamata dawa. Tangu utoto wake ni mtu wa kutibu asichokiuliza.

Na hiyo bluu! Nimemsomea Stamili, amecheka mpaka kanga imemdondoka. Umesugua wiki nzima umepata wekundu, sasa unataka kuufunika. Haya, kitanda ni chako, lakini sikia neno langu: ukikipaka rangi hicho kitakukataa, halafu usinilaumu.

Pale mahali palipolika, ndiyo, ni mkono wangu. Utapahitaji.

Dominika

—

Masasi
20 Oktoba 1994

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeikuta nimechelewa. Nilikwenda Chidya kukaa na mama yangu kidogo, na niliporudi nilikuta Stefano amemaliza kila kitu. Alitaka nikute tayari. Kwa hiyo bluu imeshakaa, Mama, cheka tu, lakini ungekiona ungenyamaza. Chumba kizima kimechangamka.

Nilimuuliza habari ya ule unga, nikamweleza ulivyosema, akaniambia mdudu alikuwapo na dawa ya dukani ameitia, akapaka rangi siku hiyohiyo. Kitu kimoja tu, rangi inachelewa kukauka. Ukigusa ubao wa pembeni mchana wa jua, alama ya kidole inabaki. Stefano anasema ni joto la Oktoba na rangi za siku hizi. Jana tumeweka godoro tukalala. Nilipata usingizi ambao sijaupata tangu mimba iingie.

Mtoto anacheza sana. Akiwa wa kike nimekwisha kumwambia Stefano aitwe Dominika, naye hakubisha.

Flora

—

Masasi
24 Novemba 1994

Kwa Mama Stefano,

Shikamoo.

Nakuandikia mikono ikiwa imefungwa vitambaa, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Zimepita wiki kadhaa tangu ngozi yangu ianze kuharibika. Ilianza kwa kuwasha kwenye mikono na nyuma ya mapaja, kisha yakatoka malengelenge, yakapasuka, yanatoa maji. Yakikauka ngozi inabaki nyeusi na kubanduka. Sasa yamefika tumboni. Muuguzi wa zahanati aliniuliza kama nilikuwa nabangua korosho. Nilimwambia mwaka huu sijagusa hata moja, Stefano hataki nifanye kazi hiyo na hali hii. Akanipa dawa ya kupaka, haikusaidia.

Shangazi yangu Julia amekuja kutoka Chidya kunitunza. Alinitoa kitandani akanilaza kwenye mkeka, na vidonda vikaanza kukauka. Nikarudi kitandani, vikarudi. Na kitanda chenyewe kimebadilika. Mabaka meusi yametokeza juu ya bluu, yanang'aa, kwenye mbao za pembeni na pale kichwani mahali pa mkono. Stefano anayapaka rangi tena, yanatokeza tena. Yeye hajapata kitu, lakini msimu umeanza, halali hapa siku nyingi.

Shangazi aliomba kuona barua zako, nikampa. Aliisoma ile ya mwisho wa mwezi wa tisa mara nyingi. Na mimi nakuuliza kwa heshima, maana sina raha: ulipoandika kwamba kitanda kitanikataa, ulikuwa na maana gani?

Flora

—

Newala
2 Desemba 1994

Flora mwanangu,

Maana yake ilikuwa utani. Ni mama mkwe mzee anayechukia rangi ya bluu, basi. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi nikijitafuta, kama ulimi wangu umewahi kukutakia baya hata kwa bahati mbaya, na sijaona. Nimeumia, lakini wewe unaumia zaidi, kwa hiyo tuache hilo.

Usilale tena kwenye kitanda hicho hata siku moja. Usikiguse. Paka mafuta ya nazi kwenye vidonda. Kisha nijibu haya: hiyo dawa ya mchwa Stefano aliinunua duka gani, na ilikuwa ya rangi gani? Chupa yake umeiona wewe kwa macho yako?

Nijibu upesi. Nikipata gari nashuka mwenyewe.

Mama yako, na bado ni mama yako,
Dominika

—

Masasi
28 Desemba 1994

Mama mpendwa, shikamoo.

Pole na kimya. Korosho zimenishika, wanunuzi wanagombana vijijini, kila mmoja anataka mzigo wa mwenzake, sipati hata muda wa kula.

Flora amejifungua tarehe kumi na nane, mtoto wa kike, salama. Alijifungulia hospitali, si hapa. Tumemwita Happiness. Najua ulitarajia jina lingine. Shangazi Julia na wazee wa Chidya walisema tusubiri kwanza mambo yatulie, na mimi sikutaka kubishana na mzazi akiwa na vidonda. Jina ni jina tu, Mama.

Barua yako ya tarehe mbili niliipokea mimi, sikumpa. Alikuwa karibu kujifungua, na kila kinachotoka Newala Julia anakigeuza. Nakuomba usishuke kwa sasa. Watu wa Chidya wameshika maneno yako ya kitanda kukataa, wanasema ulikasirikia rangi. Mimi siamini, lakini ukija utaongeza moto. Yatapita. Nitakuletea sukari na kitenge msimu ukiisha.

Mwanao,
Stefano

—

Newala
6 Januari 1995

Stefano,

Nimepata mjukuu na nimearifiwa kama anavyoarifiwa mtu wa mbali. Namshukuru Mungu kwa uhai wake. Hilo nimelisema, sasa sikiliza.

Maneno yenu yamepanda huku kwa gari la Nathanaeli kabla ya barua yako. Nikifika bombani wanawake wananyamaza. Mmoja alimwaga maji yaliyokuwa ndooni mwake kwa sababu kivuli changu kilipita juu yake, Newala hii, mtu kumwaga maji. Kanisani nakaa benchi peke yangu. Stamili tu ndiye bado anakuja kuazima kinu, naye mumewe amemuuliza kama hana mahali pengine pa kuazima.

Mkeo aliniandikia yote, na muuguzi yule alijua, alikosa tu wa kumjibu kweli. Vidonda vyenye maji, ngozi kuwa nyeusi na kubanduka, rangi isiyokauka, mabaka meusi yanayong'aa. Mimi nimekaanga korosho miaka yote ya maisha yangu, mikono yangu umeiona. Hayo ni mafuta ya maganda ya korosho. Na wewe unayajua kuliko mtu yeyote, maana ulipokuwa mdogo uling'ata korosho mbichi na ganda lake, mdomo ukakuvimba, ukanywa uji kwa mrija wa jani la boga, nikakuimbia.

Hukununua dawa yoyote. Ulikwenda nyuma ya soko kwa wanawake wanaokaanga, ukachota yale mafuta, ukasiliba kitanda yakiwa mabichi, ukafunika na rangi siku hiyohiyo. Ulimwona baba yako akisiliba nguzo za nyumba kwa mafuta hayo dhidi ya mchwa. Nguzo si kitanda, Stefano. Hakuna anayelala na nguzo.

Kosa lenyewe ningelicheka. Wazee wetu wote wamepaka mafuta hayo kwenye miti. Kinachonilaza macho ni kwamba uliona mkeo akibabuka, ukajua, ukachukua brashi ukafunika mabaka, na mama yako akaitwa mchawi ukiwa umekaa hapo.

Mwambie Flora. Kwa mdomo wako, leo.

Mama

—

Masasi
15 Januari 1995

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa Nanganga, mbali na watu, nikaichana. Umesema kweli. Dukani dawa ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nimeshamwahidi. Nilifikiri rangi ikishakauka mafuta yatakaa ndani. Vidonda vilipotoka sikujua mwanzoni, naapa. Nilipojua, Julia alikuwa ameshafika na ameshasema ni wewe, na kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kusema.

Sasa nifikirie na mimi. Baba yake Flora tangu mwanzo aliona binti yake ameolewa na mchuuzi. Akisikia nilimbabua binti yake akiwa mjamzito, nikamdanganya, nikaendelea kumdanganya, atakuja kumchukua yeye na mtoto siku hiyohiyo. Nitabaki na nini? Wewe Mama ni mtu mzima, unaheshimika, maneno ya bombani yanakuja na kuondoka. Mimi nyumba yangu ikivunjika haitajengwa tena. Nivumilie kidogo tu.

Na mambo yanakaribia kwisha. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja mtoto atatolewa nje, na Julia ameamua kitanda kikatwekatwe na kuchomwa moto uani, ukoo ukiwapo, mama na mtoto wapitishwe karibu na moshi ili mabaya yawatoke. Kikishateketea hakuna atakayelizungumza tena. Nimekubali.

Mwanao,
Stefano

—

Newala
18 Januari 1995

Flora,

Barua hii nimempa Nathanaeli na nimemwambia aiweke mkononi mwako wewe, si kwa Stefano, si kwa Julia. Mvua imekata njia huku juu, kwa hiyo sijui ataifikisha lini. Namuomba Mungu iwe kabla ya Jumamosi.

Msichome kitanda. Najua nikisema hivyo watasema mchawi analilia dawa zake, waache waseme. Kitanda kimelowa mafuta ya maganda ya korosho. Ndiyo yaliyokubabua, hakuna kingine. Moshi wake unaunguza macho na kifua. Sisi tunaokaanga tunakaa upande upepo unakotoka, na bado tunakohoa usiku kucha. Mtoto wa mwezi mmoja ukimpitisha kwenye moshi ule anaweza asirudi. Mpeleke mtoto mbali, kwa Priska, popote, na moto usiwashwe.

Mafuta nilipaka mimi. Nilipaka kabla ya kukipakia kwenye gari, niliogopa mchwa, kisha nikaona aibu kusema. Stefano hakujua. Hasira zote nielekezee mimi, na huyo mumeo uishi naye kwa amani.

Ukisoma hii usinijibu. Zima moto kwanza.

Dominika

—

Masasi
27 Januari 1995

Mama, shikamoo. Shikamoo tena.

Moto haukuwashwa. Nathanaeli alifika Jumamosi yenyewe, tope mpaka magotini, akapita katikati ya wageni wote akasema barua ni ya mwenye nyumba wa kike. Kitanda kilikuwa kimeshapangwa uani na Julia ameshika chupa ya mafuta ya taa. Nilisoma nimesimama. Nikampa Priska mtoto, nikamwambia aende naye kwake asirudi mpaka nimwite.

Nikawasomea barua. Julia akasema yale uliyosema atasema. Basi nikachukua kisu cha jikoni nikakwangua chaga moja mbele yao. Chini ya bluu kulikuwa na utando mweusi, mlaini bado, wenye harufu ambayo kila mtu pale uani anaijua tangu utotoni. Wazee walisogea nyuma. Julia akasema ni macho tu, akachukua ule weusi akausugua kati ya vidole. Kesho yake vidole vilikuwa vimevimba. Baba yangu alisema jambo limekwisha, mama mkwe alipaka kwa ujinga, tumsamehe. Watu wakala, wakaondoka.

Lakini mimi, Mama, sikula. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda, kulekule nilikokaa mwezi wa tisa.

Umejisingizia. Kitanda kile nilikisugua mimi, kila ubao, pande zote, mpaka wekundu ukatoka. Unga wake ulinijaa machoni. Nilikaa nao mapajani wiki nzima na viganja vyangu vilikuwa vizima, nilikuandikia mwenyewe. Kama mafuta yangekuwapo tangu Newala, ningebabuka siku ya kwanza. Yaliingia baada ya mimi kumaliza, nikiwa Chidya, na aliyekuwa na kitanda siku hizo ni mtu mmoja.

Jioni nilimuuliza Stefano. Nilimuuliza polepole, bila kumshutumu, nilitaka sana aseme. Nilimwambia: nani alipaka?

Alitazama chini, akasema, "Mama si ameshaandika kuwa ni yeye?"

Mama, vidonda ningesamehe. Nimevizoea, hata hivyo vitakuwa makovu. Hata uongo wa dukani ningeumeza, mwanaume akiona aibu husema lolote. Lakini ulimfungulia mlango wa kutokea na yeye akapita juu yako, bila hata kusita. Nikajiuliza siku nitakapokuwa mimi ndiye wa kukanyagwa, itakuwaje.

Nisamehe kwa lile swali la Novemba. Nisamehe kwa kumpa Julia barua zako.

Naja Newala na mtoto. Nathanaeli anasema njia ikikauka kidogo ananichukua. Baba yangu hajui sababu, nimemwambia tu kwamba ukoo wa mume wangu una desturi na nimechelewa kuitimiza. Kitanda nimemwachia Stefano.

Binti yako,
Flora

—

Newala
12 Februari 1995

Stefano,

Mkeo na mwanao wamefika. Mtoto nimemshika. Ana kidevu cha baba yako na hasira zangu. Nimejaribu kumwita Dominika kwa siri, hakugeuka, kwa hiyo ni Happiness, jina zuri tu. Flora amenigombeza kwa kusema uongo.

Siku ya kwanza alichukua ndoo akaenda nami bombani, mtoto mgongoni kwake. Alipanga foleni nyuma yangu, akanisaidia kujitwisha, akarudi nyuma yangu, na wote walimwona. Mikono yake ina mabaka na mimi nikiyaona nageuka pembeni.

Unaniuliza kupitia Nathanaeli lini atarudi. Sijui, mwanangu, na hata yeye hajui. Analia akidhani sisikii. Wewe pia nakulilia, usifikiri nimekufuta. Lakini sitamwambia arudi. Niliwahi kukubebea mzigo wako mara moja na nimeona ulivyoshusha mikono.

Nitakwambia lililo mbele yako. Toa kitanda nje, kikwangue. Bluu yote, kisha weusi wote. Tumia jivu na msasa, ukianike juani, ukikwangue tena, mpaka ufike kwenye wekundu aliouona mkeo. Utachukua kiangazi kizima na usimpe mtu akufanyie. Kikishakuwa safi kipandishe kwenye gari uje nacho mchana, si usiku, ushukie pale bombani ndoo zikiwa zimepangwa. Uwaambie wale wanawake ni nani alipaka. Baada ya hapo Flora ataamua kama atakilalia, na mimi sitamsemea.

Ukifika pale kichwani, upande wa kushoto, mahali palipolika, pasugue kwa kitambaa tu.

Na paka mafuta ya nazi mikononi kabla hujaanza, hadi kwenye viwiko, usije ukaungua.

Mama